Sanduku la kutagia lenye sakafu ya mteremko: uzoefu wangu wa miezi minane, Moshi

Hili ni sanduku la vyumba vitatu ambalo sakafu yake imelala kuelekea nyuma. Kuku akishataga, yai linabingirika lenyewe, linapita chini ya pazia la mpira na kutulia kwenye kihori kilicho nje ya banda. Niliagiza langu kwenye karakana ya useremala hapa Moshi kwa shilingi 120,000: mbao za msonobari, paa la bati, bawaba mbili na komeo. Linatumiwa na mitetea 12 wa chotara, yaani kuku wanne kwa chumba kimoja. Linafaa kununuliwa, ila usilipokee kwa fundi kabla hujapima mteremko wake.

Kila chumba kina upana wa sm 30, na kutoka mbele hadi nyuma ni sm 40. Langu lilikuja na sakafu iliyoshuka sm 9 katika hizo 40. Kwa macho huoni kasoro. Lakini yai linaloshuka kwa kasi linagonga ubao wa mwisho na kupata ufa mwembamba kama unywele, ambao huuoni mpaka uliinue kwenye mwanga. Yai la hivyo haliingii kwenye trei ya kuuza, wala halifai kuatamiwa. Tena kuku mwenyewe hapendi sakafu inayomtelezesha: anaingia, anajigeuza mara mbili, makucha yanakosa pa kushika, anatoka. Baadaye unakuta yai kwenye kona ya banda, limepakwa kinyesi. Fundi alipunguza mteremko hadi sm 6 na tatizo likaisha. Kwa urefu huo wa sm 40, ushuke kati ya sm 5 na 6. Ukiwa chini ya hapo, mayai mengine yanakwama katikati na kukanyagwa na kuku anayefuata.

Kipimo ni hiki. Funga sanduku mahali pake, weka pima maji juu ya ubao wa mbele uone kama limekaa sawa kushoto na kulia, kisha achia yai katikati ya chumba bila kulisukuma. Linapaswa kuanza kuondoka lenyewe, polepole, na kufika kwenye kihori kimyakimya. Ukisikia “ko!”, mteremko ni mkali au kihori hakina kitu laini. Rudia kwa kila chumba, kwa sababu ukuta wa mabanzi ukiinama kidogo tu unaharibu hesabu ya fundi.

Sakafu imetandikwa zulia la plastiki la nyasi bandia, na hapo nampa fundi heko. Vinyesi vikikauka vinakung'utwa, na zulia lote linatoka kwa kuvuta, unalifua na kulianika juani. Ukipewa sanduku lenye wavu mtupu, hata ule wa kuanikia kahawa ambao ni laini kiasi, kataa au tandika zulia juu yake. Kuku hutafuta mahali anapoweza kujichimbia kidogo, na wavu unaomchoma kifua haumpi hilo.

Kumzoesha kuku ndiko kunakowashinda wengi, wakaishia kusema sanduku ni bovu. Liweke bandani mapema, mitetea wakiwa na wiki 16 hadi 18, kabla yai la kwanza halijatoka. Wiki mbili za mwanzo mwaga konzi moja ya maranda juu ya zulia ili waone kiota wanachokijua, kisha punguza hadi yaishe. Yai la kudanganyia ni lazima, lakini kwenye mteremko litakukimbia kama mengine. Chonga la mti, lifunge kwa skrubu kutoka chini ya sakafu, karibu na kona ya mbele. Kuku akiliona anaamini mwenzake ameshapaamini mahali hapo. Na kona za banda zenye giza zizibe kwa mabanzi au tofali, la sivyo utakuwa unashindana nazo.

Kasoro ya pili niliyoikuta ni kimo cha kufunga. Fundi alishauri sanduku likae mita moja kutoka chini “lisiliwe na mchwa”, na vichanja vyangu vya kulalia vilikuwa sm 70. Kuku hulala mahali pa juu kuliko pote anapoweza kufika. Sanduku likizidi vichanja, watalala ndani yake, na kinyesi cha usiku kucha utakikuta kwenye zulia asubuhi. Sanduku sasa liko sm 50, vichanja sm 90, na ufito wa kutua umefungwa sm 15 mbele ya mlango. Paa nalo lilikuwa tambarare. Likainuliwa upande mmoja hadi nyuzi 45 ili lisiwe kichanja cha ziada.

Pazia la mpira kati ya chumba na kihori ni kipande cha tyubu ya gari kilichochanwa vipande vya sm 3. Uwazi wake una kimo cha sm 7. Usikubali zaidi ya hapo, kwani kuku anaingiza kichwa na kudonoa mayai yaliyokwisha kutoka. Faida kubwa ya sanduku hili iko papo hapo: yai lisiloonekana haliliwi. Ila kama kuku wako wameshaanza kula mayai, angalia na chakula. Ganda jepesi linalovunjika chini ya tumbo la kuku ndilo linalomfundisha tabia hiyo. Chakula cha watagaji kiwe na chokaa ya kutosha, na chombo cha magamba ya konokono yaliyosagwa kikae pembeni wadonoe wapendavyo.

Jambo lililoniudhi kweli ni oili chafu. Mafundi wengi huipaka mbao kuzuia mchwa, na langu lilipakwa hata ndani ya kihori. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana vya kupitisha hewa. Haifai lilale kwenye mafuta ya injini yaliyotumika. Kihori ilibidi kibadilishwe ubao. Mwambie fundi mapema: oili kwenye miguu peke yake.

Utitiri ndio adui wa sanduku lolote la mbao. Mchana hujificha kwenye maungio na nyuma ya bawaba, usiku hutoka kunyonya damu. Pita na tochi saa mbili usiku, pitisha kidole kwenye nyufa. Ukiona vidoa vyekundu, toa zulia, mwagia maungio maji yanayochemka, anika sanduku juani, na urudie baada ya siku saba kwa sababu kwenye joto mayai yao huanguliwa na kukomaa haraka. Ziba nyufa kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la msumeno.

Januari na Februari joto la Moshi linageuza sanduku la paa la bati kuwa tanuri. Langu halikuwa na tundu hata moja. Toboa matatu ya sm 2 kila upande, juu kabisa chini ya paa, ili giza libaki na hewa ipite. Wakati wa masika hakikisha kifuniko cha kihori kinazidi ukingo kwa sm 5, maji yasiingie. Kihori kiko nje, kwa hiyo weka kufuli. Nguchiro anajua kuinua kifuniko kisichofungwa.

Wenye kuku aina ya Kuroiler waagize upana wa sm 35, kwa sababu mtetea mzito anabanwa kwenye 30 na kuvunja yai lake mwenyewe akigeuka. Wanaotaka vifaranga wasinunue hili. Mtetea wa kienyeji anayetaka kuatamia atakaa humo siku nzima bila yai chini yake, akiwazuia wenzake. Huyo mpe kiota tambarare chenye maranda, mahali pake peke yake.