Boti moja kwa maji mafupi na maziwa makubwa: uzoefu wangu

Boti ninayovulia ina bodi ya alumini iliyochomelewa, urefu wa mita 5, upana wa mita 2 na ushei, na chini yake ina umbo la V ya wastani ambalo ni kali omoni, yaani mbele ya boti, na hulegea kadiri linavyorudi nyuma, hata likifika tezi, yaani mwisho wa nyuma, pembe yake inabaki nyuzi 12 hivi. Nyuma imefungwa mashine ya petroli yenye nguvu farasi 60, na omoni ipo mashine ndogo ya umeme. Nimeitumia kwenye vijito na ghuba zenye matete, ambako samaki hukaa mahali ambapo mtu angeweza kusimama na maji yakamfika magotini, na nimeitumia pia kwenye maziwa mapana ambayo ng'ambo yake haionekani. Baada ya kuishi nayo katika mazingira hayo mawili, ninaamini kwamba anayetaka chombo kimoja cha kazi zote mbili anapaswa kukichagua kwa ajili ya ziwa kubwa kwanza, kisha ajifunze mbinu za kukiingiza kwenye maji mafupi. Maji mafupi yana mbinu nyingi: unaweza kuinua mashine, kuhamisha mizigo, au kushika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti. Ukiwa katikati ya ziwa, upepo ukageuka na mawimbi yakaanza kupanda, hakuna mbinu itakayoongeza urefu wa ubavu wa boti uliyokwenda nayo.

Wauzaji wengi huanza na hoja ya kina ambacho boti inazama ikiwa majini, nao hupendekeza boti ya chini bapa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inafaa kupimwa kwa hesabu. Boti yangu ikiwa na watu wawili, mafuta, betri na vifaa vya kuvulia hufikia takriban kilo 800, na chombo kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake, yaani lita 800. Boti bapa yenye uzito huo na eneo la chini la mita 6 za mraba ingezama sentimita 13 au 14 tu. Ya kwangu, kwa sababu sehemu ya V inabeba maji kidogo karibu na mkuku, yaani uti wa chini wa boti, huzama sentimita 25 hivi. Tofauti ni kama upana wa kiganja. Lakini mashine ikiwa imeshushwa kikamilifu, ncha yake ya chini hufika takriban sentimita 40 chini ya mkuku, na hapo boti zote mbili, bapa na ya V, zinahitaji zaidi ya nusu mita ya maji kabla ya rafadha, yaani pangaboi la mashine, kuwa salama. Kwa maneno mengine, kinachogusa mwamba kwanza karibu kila mara ni mashine, wala si bodi. Kiganja kile kimoja huanza kuwa na maana pale tu mashine inapokuwa imeinuliwa na boti inasukumwa kwa pondo au kwa umeme, na katika hali hiyo mahali ambapo sentimita 25 hazitoshi ni pachache mno kuliko watu wanavyodhani.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwamba uzito una nguvu kuliko umbo. Kwa boti ya ukubwa huu, kila kilo 60 zinazoongezwa huishusha kwa sentimita moja hivi, na zikirundikwa nyuma huishusha tezi zaidi ya hapo. Tangi la lita 70 likijaa lina kilo zisizopungua 50 za petroli. Betri tatu za risasi za ukubwa wa kazi hii hukaribia kilo 80 zikiwa pamoja. Nilihamishia betri za mashine ya umeme chini ya sitaha ya mbele na kubadili aina, nikaweka za lithiamu ambazo uzito wake ni nusu au chini ya nusu ya zile za risasi, na boti ikakaa sawasawa majini bila kuinua omo. Badiliko hilo lilinisaidia kwenye maji mafupi kuliko ambavyo ningesaidiwa na bodi nyingine. Kwa hiyo ukiangalia boti dukani, usiridhike na kina kilichoandikwa kwenye karatasi ya maelezo, kwa kuwa mara nyingi kina hicho hupimwa boti ikiwa tupu. Uliza mafuta, betri na tangi la kutunzia samaki hai vimekaa wapi, na kama vyote vimelundikwa tezi, jua kwamba boti hiyo itakaa nyuma chini kila siku ya maisha yake.

Kuna jambo moja la mwendo ambalo wageni wa maji mafupi hawaambiwi mapema. Boti ikishika kasi na kupanda juu ya maji, huhitaji kina kidogo kuliko ikiwa imesimama. Lakini katika zile sekunde za kuondoka, omo inapoinuka na tezi inapokaa chini, huhitaji kina kikubwa kuliko wakati wowote mwingine. Unaweza basi kupita juu ya fungu la mchanga kwa kasi, ukasimama ng'ambo yake kuvua, kisha ukashindwa kuondoka kwa mashine kubwa. Mimi huingia polepole kwa mashine ya umeme na hutoka polepole vilevile, na mashine kubwa huishusha pale tu kipimo cha kina kinapoonyesha maji ya kutosha. Ninafuatilia pia ule mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa mashine, kwa kuwa mchanga na majani vikiziba tundu la kunyonya maji ya kupoza, mchirizi hudhoofika kabla ya joto kupanda. Zipo mashine zinazosukuma kwa mkondo wa maji badala ya rafadha, na kwa mito ya mawe ni msaada mkubwa, ila hupoteza takriban asilimia 30 ya nguvu. Mtu anayehitaji kurudi kutoka ziwani dhidi ya upepo atazihitaji nguvu hizo.

Sasa niende kwenye ziwa kubwa, ambako ndiko boti hii ilinishawishi. Mawimbi ya ziwani yana tabia yake. Upepo haupati masafa marefu ya kuyakuza yawe mapana na ya taratibu kama ya bahari kuu, hivyo huja yakiwa mafupi, yamefuatana kwa karibu, na yenye mgongo uliosimama. Ziwa likiwa pana na wakati huohuo si refu kwenda chini, kama Ziwa Erie la Amerika Kaskazini, ambalo wastani wa kina chake ni mita 19 tu, mawimbi hayo huinuka upesi na kuvunjika upesi. Katika maji ya namna hiyo boti bapa hupiga kila wimbi kwa uso wake wote, na kipigo hicho hupokewa na uti wa mgongo wa aliyekaa ndani, na baada ya muda hupokewa na viungo vya boti yenyewe. V ya omoni hukata wimbi kabla halijafika penye upana. Nyuzi 12 za tezi si nyingi. Boti za bahari hufika nyuzi 20 na zaidi, nazo hupita kwa ulaini ambao yangu haiufikii. Lakini hizo hulalia ubavu zikisimama, huhitaji mashine kubwa zaidi, na kwenye matete hazina kazi. Nikipunguza mwendo na kuyakabili mawimbi kwa upande kidogo badala ya kuyaendea uso kwa uso, omo ikiwa imeshushwa kwa kurekebisha pembe ya mashine, ninarudi nimelowa mabega na vifaa vyote vikiwa mahali pake. Nikirudi na upepo mgongoni hufanya kinyume, huinua omo ili isichimbe mgongo wa wimbi lililo mbele na kuigeuza boti ubavu.

Upepo wa mgongoni ndio unaonifanya nisisitize jambo ambalo wanunuzi hulipita haraka, nalo ni urefu wa ukuta wa nyuma unaobeba mashine. Boti nyingi ndogo zilizoundwa kwa maji tulivu zina ukuta wa sentimita 38, unaolingana na mashine ya mguu mfupi. Ukisimama ghafla, wimbi lako mwenyewe linaweza kukufikia na kumwagika ndani. Boti yangu ina ukuta wa sentimita 51 kwa mashine ya mguu mrefu, na mbele yake kuna beseni la kukinga maji linaloyarudisha nje kabla hayajafika kwenye ngama, yaani ndani chini ya boti. Kwa ziwa kubwa nisingekubali pungufu ya hapo, hata kama bei ingekuwa nusu.

Msaada mwingine ni alama rasmi. Boti zinazouzwa katika soko la Umoja wa Ulaya hupewa daraja la usanifu kwa herufi. Daraja D ni la upepo usiozidi nguvu 4 katika kipimo cha Beaufort na mawimbi ya kawaida ya sentimita 30, yakifika 50 mara mojamoja. Daraja C ni la upepo hadi nguvu 6 na mawimbi hadi mita 2. Boti mbili zinaweza kulingana kwa urefu, rangi na viti, na bado moja ikawa D na nyingine C, na tofauti hiyo ni tofauti ya bwawa na ziwa. Nchini Marekani, boti za aina hii zenye urefu wa chini ya futi 20 hubandikwa bamba la uwezo linalotaja idadi ya watu na uzito wa juu kabisa, na zile zenye mashine ya nje ya zaidi ya nguvu farasi 2 hutakiwa kuwa na povu la kuelea linaloiweka boti sawa hata ikijaa maji. Popote ulipo, soma bamba hilo kabla ya kusoma bei. Nami sitoki hadi mwisho wa kiwango kilichoandikwa, kwa maana wabunifu walikadiria chombo kizima na nahodha mzima, na mchana wa uvuvi huchosha.

Kuhusu alumini yenyewe, niliikubali kwa sababu ya mawe. Faiba, yaani plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, ina ulaini katika mawimbi, kwa kuwa ni nzito na hufinyangwa kwa mikunjo ambayo bamba la alumini haliwezi kufuata. Hata hivyo, ngozi yake ya juu hukwanguka juu ya changarawe, na maji yakipenya ndani ya nyuzi matengenezo huwa marefu. Alumini hubonyea pale faiba ingepasuka. Kati ya boti zilizofungwa kwa ribiti na zilizochomelewa nilichagua za pili, kwa kuwa ribiti hulegea polepole kwa kupigwa na mawimbi mafupi na kuanza kuvujisha. Uangalizi wake ni mdogo ila una masharti: kwenye maji yasiyo na chumvi hutumika anodi za magnesiamu, yaani vipande vya madini vinavyoliwa na kutu badala ya boti, kwa kuwa za zinki hufanya kazi vizuri kwenye chumvi tu, na rangi ya kuzuia mwani yenye shaba haipakwi juu ya alumini hata kidogo, maana shaba huila.

Kero ninazo. Maji yanapogonga kingo za chini, alumini hulia, na kwenye ghuba tulivu sauti hiyo hufukuza samaki. Mkeka wa mpira sakafuni umepunguza vishindo vya miguu lakini si mlio wa maji. Ubavu mrefu unaonilinda ziwani hushikwa na upepo kwenye maji mafupi, na boti nyepesi huteleza kutoka pale ninapotaka kutupa mshipi. Kwa hiyo mashine ya umeme ilibidi iwe na nguvu kuliko kawaida. Kanuni inayotumiwa na wengi ni pauni 2 za msukumo kwa kila pauni 100 za uzito, ambayo kwa boti yangu ya kilo 800, yaani pauni 1,760 hivi, ingetoa pauni 36 hivi. Kwa upepo hazitoshi, nami nina pauni 80 kwa volti 24. Mguu wake ni mrefu, sentimita 152, ili rafadha isitoke hewani omo inapopanda wimbi. Kwenye maji mafupi sana huuinua, nikachomeka pondo mbili topeni, moja omoni na moja tezi, na boti hutulia kuliko kwa nanga.

Viti, taa na redio sitavizungumzia, kwa kuwa vyote hubadilishwa kwa saa chache. Kama asilimia kubwa ya uvuvi wako ni kwenye matete na vijito, na ziwa kubwa unaliendea tu siku shwari, boti bapa ya daraja la chini itakuhudumia vizuri na kwa gharama ndogo ya mafuta. Kwa wengine wote ningesema ombeni kuijaribu boti siku yenye upepo, ikiwa na tangi lililojaa na watu wote mtakaokwenda nao, na mkiwa kwenye mwendo mpunguze ghafla huku mkitazama nyuma, mwone maji yanafika wapi kwenye ukuta wa mashine.