CT scan ya figo kabla ya upasuaji: uzoefu wangu hapa Dar

Nina presha mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hiyo altrasaundi ilipoonyesha uvimbe kwenye figo ya kushoto, nilikuwa na swali moja tu: itatolewa yote au kipande? Jirani yangu hapa Mbagala anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Namwona anavyorudi jioni, hawezi hata kuinua ndoo. Sikutaka kufika huko.

Kituo cha kwanza sikitaji. Walinipiga CT scan bila kunichoma dawa ya kuonyesha mishipa, wakanipa karatasi moja yenye mistari mitatu. Nilipofuata picha zenyewe nikaambiwa zimeshafutwa. Daktari bingwa wa upasuaji wa mfumo wa mkojo aliisoma ile karatasi, akaiweka pembeni. "Mama, kwa hii siwezi kupanga kitu." Nililia pale koridoni, maana hela ile wanangu walichangishana.

Ninachokisifia ni kipimo cha pili, hospitali nyingine. Kwanza walinipima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kwa sababu dawa ile hutolewa mwilini na figo, na figo iliyochoka inaweza kuumia zaidi. Halafu wakapiga picha kwa awamu: kabla ya dawa, dawa ikiwa ndiyo kwanza imeingia kwenye ateri, ikishaenea kwenye nyama ya figo, na mwisho ikiwa inashuka na mkojo. Dawa inapoingia unasikia joto kooni, likishuka tumboni unaweza kuapa umejikojolea. Hujajikojolea. Kijana wa mionzi alinitahadharisha mapema, nikatulia.

Safari hii dokta alinikalisha mbele ya kompyuta. Alizungusha picha taratibu, nikaiona figo yangu na lile donge upande wa mgongoni. Akalipima mbele yangu: sentimita 3.6. Kisha akanieleza hesabu ya alama inayoitwa RENAL, ya kupima ugumu wa kuliondoa donge, iliyotolewa mwaka 2009 na madaktari wa Philadelphia, Marekani. Ukubwa wangu, kwa kuwa haujazidi sentimita 4, alama 1. Sehemu iliyojitokeza nje ya figo ilikuwa chini ya nusu, alama 2. Kutoka kwenye mifereji ya mkojo milimita 5, alama 2. Na donge lilikuwa limevuka mstari wa ncha ya chini ya figo, alama 2. Jumla 7, kwenye hesabu inayoanzia 4 hadi 12. Kadiri alama zinavyopanda, kazi inakuwa ngumu zaidi. Yangu ilikuwa ya kati.

"Figo tutaiokoa," akasema, "ila pale penye milimita 5 mkojo unaweza kuvuja siku kadhaa baada ya upasuaji. Ukivuja usishtuke." Akanionyesha pia kuwa figo ile ina ateri mbili badala ya moja. Hilo lilinitoa jasho: wangeingia bila kujua, wangebana moja tu, damu ikaendelea kutoka kwenye nyingine.

Nilipozinduka, mwanangu wa kike ndiye aliyeniambia figo ipo. Ateri zote mbili zilikutwa pale pale zilipoonekana kwenye picha. Walizibana dakika 24, kipande kikatolewa. Mkojo ulivuja kweli, mpira wa kutolea majimaji ubavuni ulibaki siku tisa. Kwa kuwa nilishaambiwa, sikuhangaika usiku.

Nisiisifie kupita kiasi: picha haikuweza kutuambia kwa uhakika kama ni saratani. Hilo lilisubiri maabara, na zile wiki za kusubiri zilikuwa ngumu kuliko kidonda chenyewe. Ilikuwa saratani, kingo safi, yaani haikuonekana kwenye ukingo wa kipande kilichokatwa. Bei nayo inauma, hasa ukilipa mara mbili kama mimi. Kwa hiyo ukiandikiwa CT scan ya figo, uliza kabla hujalipa: mtanichoma dawa na kupiga picha za awamu? Mtanipa CD ya picha zenyewe? Wakikuambia karatasi inatosha, muulize kwanza daktari atakayekupasua.

CD yangu naitunza kabatini kwenye bahasha ya kaki. Kliniki iliyopita dokta aliweka picha mpya kando ya ile ya zamani, akaniwekea kidole pale donge lilipokuwa. Pamebaki kibonyeo kidogo, na sehemu ya figo iliyobaki inafanya kazi.