Tahadhari: boksi ni la kiwandani kweli, pistoni iliyo ndani siyo

Wadau wa pikipiki za kale, habari zenu. Nimekaa na jambo hili wiki tatu nikijiuliza niliandike au nilimeze tu. Juzi nimemwona muuzaji yule yule amerudi mtandaoni kwa jina jipya, meza ile ile, maneno yale yale, nikasema basi, acha niandike. Jina lake silitaji kwa sababu analibadilisha kama shati. Nitakachoeleza ni mchezo wenyewe, ili ukikutana nao uutambue hata kama umevalishwa jina gani.

Nafufua Yamaha RD350 nyumbani, ya mwaka 1974. Kwa asiyeijua, ni tu-stroki ya silinda mbili, cc 347, gia sita, iliyotengenezwa kati ya 1973 na 1975. Silinda zangu zilikuwa zimelika. Saizi ya kiwandani ni milimita 64. Baada ya kupima ikaonekana lazima zichongwe hadi 64.50, yaani pistoni za ovasaizi ya 0.50, kubwa kwa nusu milimita kuliko za kawaida. Hapo ndipo shida ilipoanza, maana pistoni orijino za ovasaizi hiyo si kitu cha kuamka asubuhi ukakikuta dukani. Nilitafuta miezi minne.

Jamaa alinipata yeye, si mimi niliyempata. Niliuliza mahali fulani kama kuna mtu anazo, kesho yake nikakuta ujumbe: anazo pea moja, zimekaa stoo tangu enzi za pikipiki yenyewe, hazijawahi kuguswa. Picha zilikuwa nzuri. Maboksi mawili madogo yenye lebo ya Yamaha, karatasi imekuwa ya njano, plastiki ya juu haijafunguliwa, yamewekwa juu ya meza ya mbao yenye alama ya kuungua yenye umbo la pasi. Hiyo alama ya pasi ikumbukeni, nitairudia.

Mimi si mgeni wa utapeli, kwa hiyo sikukimbilia. Kwanza nikanunua kwake vitu vidogo: gasketi ya kichwa cha silinda na waya wa klachi. Vilifika haraka, vizuri, vya kweli kabisa. Nilijiona mjanja, kumbe nilikuwa namsaidia kunivua. Vitu vidogo ni chambo. Anakuuzia kwa ukweli ili kubwa likija usiulize.

Nikauliza hata hivyo. "Kaka, naomba picha ya pistoni zenyewe, nje ya boksi." Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Mkuu, nikikata plastiki hiyo, thamani imekufa. Wewe ndiye mwenye haki ya kulifungua." Angalia lilivyopangwa. Linakupa heshima, linakutisha kidogo, na linakunyima kitu pekee ulichokihitaji. Mimi nikatikisa kichwa kana kwamba nimeambiwa jambo la hekima. Nikalipa, tena kwa ile njia ya kutumiana pesa kama marafiki, isiyo na ulinzi wowote wa mnunuzi, kwa sababu alisema makato ya njia nyingine yanamuumiza. Hilo kosa ni langu, simsingizii mtu.

Wahenga walisema kibaya chajitembeza. Hiki hakikujitembeza, kilijificha.

Mzigo ulifika. Sikuufungua! Hapa ndipo ninapotaka wale mnaofanya kazi hii nyumbani mnisikilize vizuri, maana mchezo wote umejengwa juu ya tabia yetu. Sisi hatununui spea leo na kuifunga kesho. Tunanunua inapopatikana, tunaiweka kabatini, tunaendelea na fremu, rangi, waya, matairi, hela ikiisha tunasubiri. Maboksi yangu yalikaa kabatini miezi mitano nikiyatazama kwa upendo, hata wageni nilikuwa nawaonyesha. Muda wa kurudisha mzigo ulikuwa siku 30. Yule bwana anajua kabisa kwamba mtu anayefufua pikipiki ya miaka hiyo hafiki kwenye pistoni ndani ya siku 30. Pistoni mbovu anaiuza kwa bei ya kalenda yako.

Siku ya kwenda kwa fundi wa kuchonga silinda ndipo nilipokata plastiki, na hata hapo sikutazama, nilikuwa na haraka. Fundi alipima na maikromita sehemu ya chini ya sketi, yaani ukuta wa pembeni wa pistoni, upande ulio pembe mraba na pini, akanyamaza, akapima tena. Akaniambia, "Mzee, hizi mbili si mapacha." Zilitofautiana sehemu mbili za mia za milimita. Kwa mtu wa nje hiyo si kitu, lakini nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda kwenye injini kama hii nayo inahesabiwa kwa sehemu za mia hizo hizo. Nikamjibu kwamba ni za kiwandani, atachonga kila silinda kulingana na pistoni yake, na ndivyo inavyofanyika siku zote. Ni kweli ndivyo inavyofanyika. Lakini yule mzee alikuwa ananiambia jambo jingine, na mimi nikamjibu kwa kitabu.

Injini iliwaka kwa teke la tatu. Nilikaribia kulia. Nikaanza kuizoesha taratibu, bila kuivuta, oili ikitoka vizuri, plagi zikiwa na rangi nzuri ya kahawia. Nilipofika kama kilomita 90 nikasikia mlio upande wa kushoto, kama sarafu inayotikiswa ndani ya kopo. Nikazima pale pale, nikaikokota hadi nyumbani.

Nilipovua silinda ya kushoto, kipande cha sketi ya pistoni, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, hakikuwepo. Kilikuwa kimeshukia kwenye krenki, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni. Kwa wasioijua tu-stroki ya namna hii: hakuna oili iliyotulia chini ya injini ili isafishe uchafu na kuupeleka kwenye chujio. Beringi za krenki zinalainishwa na oili ile ile inayopigwa na pampu ya Autolube na kuingia pamoja na hewa na petroli. Kwa hiyo alumini iliyosagika inakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Na krenki yenyewe imeunganishwa kwa kukandamizwa kwa presi. Huifungui kwa spana sebuleni.

Sasa njoo uitazame pistoni pamoja nami. RD350 inavuta kupitia ridi, vile vipande vyembamba vinavyofunguka na kujifunga nyuma ya silinda, na ili mchanganyiko upite, pistoni yake ina madirisha kwenye sketi upande wa kabureta. Ndugu yake wa kabla, Yamaha R5 ya 1970 hadi 1972, ana kipenyo hicho hicho cha milimita 64, lakini hana ridi, na pistoni yake haina madirisha. Madirisha ya kiwandani yana kona za mviringo, kingo laini, ukipitisha kidole hakuna kinachokukwaruza. Hizi zangu zilionekana kuwa za aina isiyo na madirisha, zikatobolewa kwa drili kisha zikapanuliwa kwa tupa. Alama za tupa zilionekana wazi, zimelala upande mmoja, na kona moja ilikuwa kali kama ya boksi la kiberiti. Ufa ulianzia kwenye kona hiyo hiyo. Nikavua na ya kulia, ambayo ilikuwa bado nzima, nikaiosha kwa petroli, nikaielekeza kwenye jua: ufa mwembamba kama unywele, kwenye kona ile ile. Ilikuwa imebakiza siku chache tu.

Nikarudi kwenye maboksi. Lebo ni ya kweli, karatasi ya kweli, uchapaji wa kweli. Na lebo hiyo ya kweli ilikuwa imeniambia kila kitu tangu siku ya kwanza, kama ningeisoma. Namba za spea za Yamaha zinaanza na msimbo wa modeli, herufi au tarakimu tatu, kisha tarakimu tano za aina ya kitu. Kwenye pistoni, 11631 ni saizi ya kawaida, 11635 ni ovasaizi ya 0.25, na 11636 ni ya 0.50. Maboksi yangu yote mawili yaliandikwa 11631. Ndani kulikuwa na kitu cha 64.50. Yaani mtu alikusanya maboksi matupu, akatia ndani alichotaka, akafunga plastiki upya. Plastiki mpya juu ya karatasi kuukuu, nami nikaiona kuwa muhuri.

Nilipomwandikia, kwanza alikuwa mpole: pole sana mkuu, bila shaka fundi wako hakuacha nafasi ya kutosha. Nilipomtumia picha za alama za tupa akawa mkali. Nilipotaja lebo akanyamaza, siku mbili baadaye akaunti haikuwepo. Watu wa malipo walinijibu kwa ustaarabu kwamba njia niliyotumia haina madai.

Wiki tatu baadaye, meza ya pasi imerudi. Safari hii ameongeza na Honda. Ametangaza pistoni za CB750 "hazijawahi kuguswa", na kwa bahati picha ya lebo inasomeka ukiikuza: 13101-323. Honda hupanga kinyume na Yamaha: tarakimu tano za mwanzo ndizo zinazotaja kitu, na 13101 ni pistoni, sawa, tatu za katikati ndizo modeli. CB750 ya mwanzo ni 300. Hiyo 323 ni CB500 ya silinda nne, ambayo kipenyo chake ni milimita 56, wakati CB750 ni 61. Kwa hiyo ama ndani kuna pistoni itakayocheza kama mchi kwenye kinu, ama ndani kuna kitu kingine kabisa. Mimi najua ni lipi.

Anauza pia jeti za kabureta "za Mikuni", vile vipande vidogo vyenye tundu linalopima petroli. Jeti ya Mikuni ya kweli ina alama ndogo iliyogongwa, mraba ndani ya mraba. Kwenye picha zake namba ipo, alama haipo. Jeti yenye tundu lisilo sahihi kwenye tu-stroki inaweza kukupa mchanganyiko mkavu, yaani wenye petroli kidogo, na mchanganyiko mkavu unatoboa pistoni hata ikiwa orijino. Kama kabureta yako bado ina jeti za shaba za zamani na hazijaliwa, zioshe uzirudishe, badilisha raba tu. Hilo ningelisema hata kama tapeli huyu asingezaliwa.

Kwa hiyo ukimkuta mtu anauza spea ya zamani ambayo "haijafunguliwa", mwambie aifungue. Aipige picha ikiwa nje ya boksi, upande wa juu na upande wa chini, na kwenye pistoni ya ridi aonyeshe madirisha kwa karibu, pembeni pawe na karatasi yenye tarehe ya leo iliyoandikwa kwa mkono. Akikwambia thamani itakufa, achana naye. Wewe hununui kwa ajili ya kabati la vioo, unataka kuifunga kwenye injini. Muulize namba ya lebo kabla hujamwambia unatafuta saizi gani, maana ukishamwambia, hilo ndilo atakalokuuzia. Picha zake zitafute mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe badala ya maneno. Mimi nilipofanya hivyo, kwa kuchelewa, nilikuta mbili kati ya tano ni za mtu mwingine kabisa. Na mzigo ukifika ufungue siku hiyo hiyo hata kama fremu bado ni mifupa. Pima, chunguza, tia ringi ya pistoni peke yake ndani ya silinda uone nafasi ya ncha zake kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, hakikisha ncha hizo zinakumbatia kile kipini kidogo kwenye mfereji wa pistoni. Kisha ndiyo urudishe kabatini.

Na fundi mzee akinyamaza na kupima mara ya pili, muulize kwa nini.

Krenki yangu iko kwa mtu mwenye presi, beringi zote zinabadilishwa. Silinda ya kulia haikukwaruzika, ya kushoto ina mikwaruzo miwili ambayo fundi anasema itaisha kwenye 0.75. Pistoni nyingine zimefika jana kutoka kwa muuzaji tofauti, 11637 kwenye lebo. Nilizifungua mlangoni, aliyezileta akiwa bado amesimama pale anasubiri saini. Alinishangaa nilivyokuwa napitisha kidole kwenye madirisha. Kona zake ni za mviringo.