Chungu au sufuria: kipi kina kazi zaidi kwenye kuosha?

Sufuria ya alumini haina makuu. Sabuni, waya wa kusugulia, suuza, basi. Ikiingia weusi ndani, chemsha maji yenye ndimu. Magadi yaache, yanaizidishia weusi.

Chungu ni habari nyingine. Kile kisichopakwa rangi ya kung'aa, kama vile vya Wakisi, kabila la wafinyanzi wa Kyela kusini mwa Tanzania, kina vitundu vidogo sana vinavyonyonya maji. Ukikiloweka kwenye sabuni, sabuni hiyo utakuja kuionja kwenye mchuzi wa nazi. Tumia maji ya uvuguvugu na brashi au kumbi la nazi. Ukoko uliogandamana, ulowanishe kwanza, kisha sugua kwa baking soda au chumvi. Subiri kipoe kabisa kabla ya kukiosha, maana maji baridi kwenye chungu cha moto yanakipasua. Halafu kianike mpaka kikauke, na ukihifadhi usikifunike, la sivyo kitaota ukungu. (Weusi wa moshi kwa nje mimi siuhangaikii.)

Kwa ugali wa kila siku nabaki na sufuria. Maharage na samaki wa kupaka wanastahili usumbufu wa chungu.