Kiwanja kiko poa, shida ni kuingia: gofu kwa sisi wa mara moja moja

Kiwanja chenyewe sina neno. Ni klabu moja ya mashimo tisa huku western, jina naweka mfukoni, nyasi imekatwa vizuri hadi grini (ile nyasi fupi yenye shimo) ya mwisho kabisa, miti mikubwa ya kitambo, na asubuhi ukisimama pale pa kuanzia shimo la kwanza unasikia ndege tu. Tulitoka Kisumu watu wanne wa ofisi moja, mmoja ndio anajua gofu, sisi wengine ni wale wa kushika fimbo kampuni ikialikwa mahali.

Sasa kuingia. Tulikuwa tumepiga simu kuuliza kama mtu asiye memba anaweza kucheza, tukaambiwa karibuni tu. Bei hawakutaja, mavazi hawakutaja. Kufika getini soja anamwangalia mwenzetu juu mpaka chini, "Madam, samahani, hiyo jinzi haiingii." Sikatai, kila nyumba na sheria zake, lakini si mngesema kwa simu? Ikabidi achukue boda arudi tao kutafuta suruali ya kitambaa, sisi tukabaki kivulini magari ya mamemba yakipita. Ndani nako hakuna bei imebandikwa popote, unatajiwa ya kiwanja, ukishatulia unatajiwa ya kukodi fimbo, halafu ya kedi, yule wa kukubebea begi na kukuelekeza, na ukijumlisha hiyo ni pesa ya kukodi kiwanja cha mpira na watu kumi wakacheza hadi wachoke.

Na begi walilotupea! Sheria ya gofu inasema fimbo zisizidi 14, haijasema lazima zifike 14. Mtu kama mimi nipe moja ya kupiga mbali, fimbo ya chuma namba 7, moja ya kuinua boli na ile ya kusukumia shimoni, unipunguzie bei nijiendee.

Kedi wetu ndio aliokoa siku. Mzee mpole, hana kelele. Huyo wetu wa suruali mpya alikuwa anakata hewa tu, akipiga kwa hasira, mzee akamwambia, "Pole pole madam, boli haitoroki." Akachomeka tii mbili, vile vijiti vya kuwekea boli, kwa nyasi bila boli, akamwambia apige hizo tii tu, asijali kitu kingine. Akapiga, tii ikaruka, akapiga tena, ndio sasa mzee akaweka boli juu ya tii nyingine na ikapaa mpaka tukapiga makofi. Nyuma yetu kulikuwa na mamemba wamesimama mikono kiunoni, mzee akatuambia mtu akifikisha mapigo nane kwa shimo moja aokote boli twende shimo lingine. Hiyo ilisaidia kuliko kitu chochote.

Kinachonishangaza ni kwamba wenye gofu duniani wameshalegeza. Tangu 2019 boli ikipotea unatafuta dakika 3 si 5 kama zamani, na bendera unaweza kuiacha shimoni ukisukuma. Hendikapu (mapigo ya ziada unayopewa kulingana na uwezo wako) siku hizi inafika 54, wanaume kwa wanawake, yaani hata mchezaji mbovu ana mahali pake. 2014 huko Marekani walijaribu mpaka shimo la inchi 15, na la kawaida ni 4.25 tu, si ajabu sisi tulikuwa tunasukuma mara nne, mara tano, boli inazunguka mdomo wa shimo inakataa kuingia. Sasa klabu zetu zinangoja nini? Si lazima wachimbe shimo kubwa kwa grini za mamemba, kuna ile ya mazoezi karibu na paking inakaa bure, wachimbe hapo watoto wacheze Jumapili.

Halafu watuuzie mashimo matatu. Tulipomaliza, saa kumi ya siku ya kazi, kiwanja kilikuwa kitupu kabisa, na jua huku linazama karibu saa moja, mtu ametoka kazini angelipia mashimo matatu, anywe soda, aende nyumbani. Kulipia raundi nzima na wewe hata shimo la tano umeshachoka, hapana.

Samaki na ugali ni sawa ila vilichelewa. Choo safi.

Nyota tatu, na ya kedi ni tano peke yake. Ukienda piga simu uulize bei YOTE, vaa shati ya kola, na ubebe keshi ya kedi kwa sababu pale unamlipa wewe mwenyewe mkononi, haiko kwa risiti.