Uzoefu wangu na pawa saplai ya Seasonic Focus GX-650, nyumbani Malindi

Pawa saplai yangu ya kwanza, yaani kile kisanduku kinachoigeuzia kompyuta umeme wa ukutani, ilidumu miezi saba. Ilikuwa imeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa za rangi ya fedha, nami niliipata bure ndani ya kasha la kompyuta, jambo ambalo lilitosha kunitia shaka lakini halikunitia. Siku iliyokufa, umeme ulikuwa umekatika kwa dakika chache, na uliporudi taa za chumbani ziling'aa kupita kawaida yake kisha zikatulia. Kompyuta haikuwaka tena. Baada ya muda nikasikia uvundo wa samaki, na kwa kuwa naishi Shela, si mbali na pwani wanakoshusha samaki, nilifunga dirisha kwanza kabla ya kugundua kwamba harufu yenyewe inatoka chini ya meza.

Niliipeleka kwa fundi wa televisheni. Alinikataza kuigusa ndani, akanieleza kwamba kapasita kubwa ya pawa saplai, kipande kinachohifadhi umeme, huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na ndipo akaifungua mwenyewe. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba vichwa, na moja imetoa maji ya kahawia yaliyoganda. Maji hayo ndiyo yaliyonuka. Lakini kilichonishangaza zaidi ni matundu matupu kwenye ubao, mahali palipokusudiwa koili na kapasita za kuchuja umeme unaoingia, ambapo badala yake palikuwa na vipande vya waya vilivyolehemiwa kuunganisha upande huu na ule. “Ami, nyumba hii ilichorewa ramani ya vyumba sita, wakajenga viwili,” aliniambia, huku akionyesha kwa ncha ya bisibisi.

Tulisoma pamoja lebo ya ubavuni, kitu ambacho nilipaswa kukisoma siku ya kwanza. Mstari wa volti 12, ambao ndio unaolisha prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya grafiki (inayochora picha za skrini), uliandikwa ampea 18. Ukizidisha 12 kwa 18 unapata wati 216, basi. Zile wati 600 za herufi za fedha hazikuwa popote kwenye hesabu. Kompyuta yangu ina prosesa ya Ryzen 5 5600, ambayo imekadiriwa wati 65, na kadi ya GeForce RTX 3060, ambayo peke yake imekadiriwa wati 170. Ukiongeza ubaomama, diski na feni, nilikuwa nimembebesha punda mmoja mizigo ya wawili kwa miezi saba.

Mtengenezaji wa kadi hiyo anapendekeza pawa saplai ya wati 550. Mimi nilichukua 650, na sababu yangu haikuwa kadi bali ni umeme wetu. Niliazima multimita, kifaa cha kupimia volti, kwa fundi yule nikapima soketi ya chumbani kwa siku kadhaa: wakati wa Magharibi, kila nyumba ikiwa imewasha feni na friji, nilisoma volti 207, na usiku wa manane nikasoma 249, ilhali tunachotarajia ni 240. Zaidi ya hapo kuna zile kupepesa za mara kwa mara msimu wa kusi, upepo unapotikisa waya, ambapo taa hufumba na kufumbua mara moja. Kanuni za ATX, zinazofuatwa na watengenezaji wa pawa saplai za kompyuta, zinaitaka pawa saplai iendelee kutoa umeme sahihi kwa takriban milisekunde 16 baada ya umeme wa ukutani kutoweka, yaani chini kidogo ya mzunguko mmoja wa umeme wa hezi 50, ambao huchukua milisekunde 20. Muda huo hutokana na kapasita kubwa ya ndani, na hurefuka mzigo ukiwa mdogo. Kwa hiyo pawa saplai inayofanya kazi nusu ya uwezo wake huvumilia kupepesa ambako ile iliyobanwa hadi mwisho ingezimika. Hilo ndilo nililolinunua kwa zile wati 100 za ziada.

Niliagiza Focus GX-650 kutoka duka moja la Mombasa kwa shilingi 16,500, ikaletwa na basi siku ya pili. Kabla ya kufungua kitu chochote niliisoma lebo: volti 12, ampea 54, ambazo ni wati 648. Hapo herufi kubwa na hesabu zinakubaliana. Nilikwenda dukani kwa jirani anayeuza mchele nikazipima zote mbili kwenye mizani yake, bila kebo, na mpya ilikaribia kuwa na uzito mara mbili ya ile iliyokufa. Uzito si kipimo cha kitaalamu, na jirani yangu alicheka sana, lakini shaba na alumini za kupozea haziwekwi ndani bila mizani kujua.

Kuhusu nembo ya 80 Plus Gold iliyo kwenye boksi, ningependa kusema jambo kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Nembo hiyo inapima ni kiasi gani cha umeme wa ukutani kinachofika kwenye kompyuta na ni kiasi gani kinachogeuka joto. Haipimi uimara wala kinga. Katika vipimo vya volti 115, Gold hufikisha asilimia 90 ikiwa na nusu ya mzigo, na Bronze, ngazi ya chini, asilimia 85. Kompyuta inayokula wati 300 itavuta ukutani takriban 333 kwa Gold na 353 kwa Bronze, na tofauti hiyo ya wati 20 haitakurudishia pesa zako upesi hata ukicheza kila usiku. Nilichagua toleo hili kwa sababu lina kinga za volti kuzidi, volti kupungua, mkondo kuzidi, joto na shoti, na kwa sababu mtengenezaji ametoa dhamana ya miaka 10. Duka lenyewe liliandika mwaka mmoja tu kwenye risiti, na baada ya hapo mzigo wa kuipeleka kwa mtengenezaji utakuwa wangu. Mnunuzi wa Malindi aliweke hilo kwenye hesabu.

Kufunga hakukuwa na shida. Kebo zote huchomolewa, kwa hiyo nilitumia nne tu, zilizobaki zikarudi mfukoni. Kwa mchezo mzito, mita ndogo niliyoichomeka ukutani haikupita wati 310, na mstari wa volti 12 ulisoma 12.07 kompyuta ikiwa imetulia na 12.02 katikati ya vita. Kanuni inaruhusu kati ya 11.4 na 12.6. Ile ya zamani sikuwahi kuipima, na sasa nashukuru kwamba sikuijua.

Siku ya tatu nilipata mshtuko, kwa maana zote mbili. Nilikuwa miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji, nikagusa skrubu ya kasha, vidole vikawasha kama vimetambaliwa na sisimizi. Nilikuwa tayari kuirudisha Mombasa. Fundi alipima kati ya kasha na ardhi akapata volti 115, akaniambia pawa saplai haina kosa: zile kapasita za kuchuja umeme ambazo ile ya bure haikuwekewa huunganishwa na kasha, na zinategemea waya wa ardhi wa kumwaga mabaki. Soketi yangu ilikuwa na tundu la tatu, lakini nyuma yake hapakuwa na waya wowote. Tulichimbia nondo ya shaba nje, upande ambao maji ya bafuni humwagika, kwa kuwa mchanga mkavu wa huku haupitishi umeme vizuri, na tangu siku hiyo sisimizi hawajarudi. Kazi hiyo pamoja na nondo ilinigharimu shilingi 4,000, nami naihesabu ndani ya bei ya pawa saplai.

Nyuma kuna kitufe cha kuifanya feni isimame mzigo ukiwa mdogo. Nimekizima. Kaskazi inapokolea, chumba changu huwa cha moto hata usiku, na napendelea hewa izunguke wakati wote kuliko ukimya. Feni ya dari inapiga kelele zaidi yake hata hivyo. Chumvi ni suala jingine. Kila baada ya miezi miwili naizima, nachomoa waya na kupuliza vumbi kutoka nje bila kuifungua, na kasha nimelisogeza mbali na dirisha la baharini.

Nimeongeza pia UPS ya VA 1000, yaani betri inayoshika zamu umeme unapokatika, na hapa nimalizie tahadhari moja kwa anayetaka kununua: VA si wati. Yangu inabeba wati 600 na inaishikilia kompyuta kwa dakika chache tu, muda wa kuhifadhi mchezo na kuzima kwa heshima. Ni miezi 14 sasa, umeme umekatika mara ambazo nimeacha kuhesabu, na kompyuta haijajiwasha upya yenyewe hata mara moja.

Juzi mpwa wangu alikuja kuomba kebo zile zilizobaki ili azitumie kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine, kwa kuwa vichwa vyake vinaingia sawasawa. Nilimnyima, na akanuna. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga nyaya zake anavyotaka, na volti 12 ikifika mahali pa volti 5, diski huungua papo hapo. Kebo hizo nimezifunga kwenye mfuko wao na kuandika juu yake, kwa wino usiofutika, jina la pawa saplai zilizotoka nayo.