Kigezo cha jedwali la katakana: kizuri kwa makala, bado kina kasoro kwenye wima

Kazi yangu ni kuhariri makala za marejeo kuhusu maandishi ya Kijapani, makala moja kwa kila herufi, na kila moja inahitaji pembeni jedwali la katakana, mojawapo ya aina za herufi za silabi za Kijapani. Kigezo ninachotumia, yaani msimbo uliotayarishwa wa kuchora jedwali hilo, ni huria: unakiita kwa mstari mmoja wa msimbo, kisha unachagua safu zipi zionekane, herufi ipi iangaziwe na matamshi yaandikwe kwa mfumo gani.

Kuangazia herufi ndiko kulikonifanya nibaki nacho. Kwenye makala ya シ naandika "shi" tu, na kisanduku chake kinapata rangi huku safu nzima ya sa, shi, su, se, so ikipakwa rangi hafifu. Msomaji anaiona herufi ikiwa na ndugu zake, bila kuitafuta katikati ya herufi 46.

Jambo la pili ni ukubwa wa herufi, na hapa naomba wahariri wenzangu wasipite haraka. シ (shi) na ツ (tsu) huwachanganya wanafunzi wengi, na fonti ndogo huongeza tatizo. Katika シ vistari viwili vifupi vimepangwa upande wa kushoto, kimoja juu ya kingine, na mstari mrefu unaanzia chini kwenda juu. Katika ツ vistari vimesimama sambamba juu, na mstari mrefu unateremka. ン (n) na ソ (so) zina tofauti hiyohiyo. Jedwali likibanwa, zote nne zinakuwa alama zinazofanana. Kigezo hiki kinakuruhusu kukuza herufi peke yake bila kukuza matamshi yaliyo chini yake, tena kinakitambulisha kivinjari kwamba maandishi ni ya Kijapani, hivyo fonti inayochaguliwa huwa ya Kijapani kweli.

Nafasi tupu nazo zimeheshimiwa. Katakana ya leo haina yi, ye wala wu, na yapo majedwali yanayosogeza herufi ili kuziba mapengo, mpaka ユ (yu) inaangukia chini ya vokali isiyo yake. Hapa pengo linabaki pengo. Ukiwasha chaguo la herufi za kale, ヰ (wi) na ヱ (we) zinatokea kwa rangi ya kijivu, jambo ambalo ni sahihi, kwa kuwa mageuzi ya tahajia ya 1946 yaliziondoa katika matumizi ya kawaida.

Matamshi huja kwa Hepburn, mfumo wa kuandika Kijapani kwa herufi za Kilatini, na kwa neno moja unahamia mfumo mwingine, Kunrei: shi inakuwa si, tsu inakuwa tu, fu inakuwa hu. Kwa makala za isimu hilo ni la lazima. Kwenye simu, geuza jedwali ili vokali tano ziwe safu wima, linaenea vizuri.

Sasa kasoro. Herufi za maneno ya kigeni, kama ファ (fa) na ティ (ti), zimerundikwa chini ya jedwali bila mpangilio, ingawa serikali ya Japani ilitoa mwongozo wa kuandika maneno hayo mwaka 1991 na mpangilio wake ungefuatwa tu. ヴ (vu) imewekwa jirani na safu ya B. Mimi naona mahali pake ni chini ya ウ (u), maana ni ウ iliyoongezewa vinukta viwili. Ukaribu wake na B ni wa matamshi, nao unastahili maelezo ndani ya makala: mwaka 2019 Japani iliacha kutumia ヴ katika majina rasmi ya nchi, na Cabo Verde ikawa カーボベルデ, kwa be badala ya ve.

Kinachoniudhi zaidi ni hali ya wima. Jedwali la jadi husomwa kutoka juu kwenda chini, safu ya ア (a) ikiwa kulia kabisa, na hilo kigezo kinalipanga sawasawa. Shida ni maneno ya mfano. Weka コーヒー, yaani kahawa, na alama ー ya kurefusha vokali inabaki imelala, wakati katika maandishi ya wima inapaswa kusimama. Sababu yake inaonekana kwenye msimbo: kigezo kinapanga herufi moja moja juu ya nyingine, hakikiambii kivinjari kwamba mwelekeo wa maandishi umebadilika. Msomaji anayejifunza ataiga anachokiona, na ataandika vibaya.

Kwa hiyo nakipendekeza bila kusita kwa makala za herufi mojamoja na za mlalo. Nimewapelekea watunzaji ombi kuhusu alama ya ー pamoja na marekebisho ya msimbo niliyoyajaribu, na kwa sasa maneno ya mfano ya wima nayaandika nje ya jedwali.